Kulinda chanzo cha maji cha kijiji: anzeni na muhtasari wa mkutano, miti ifuate

Vijiji vingi vya Mufindi, Kilolo, Njombe na Rungwe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, vina chanzo cha maji ambacho tayari "kimehifadhiwa" mara mbili tatu. Kila safari anakuja mgeni rasmi, miche inapandwa, picha zinapigwa. Ikifika Septemba, palepale kwenye miche pana mahindi mabichi na maboga ya mtu, na yule mtu hana habari kwamba amevunja sheria yoyote. Na kwa ngazi ya kijiji yuko sahihi, kwa sababu hakuna karatasi hata moja pale ofisini inayosema mpaka uko wapi.

Sheria za nchi zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inalinda vyanzo vya maji. Lakini afisa wa bodi ya maji ya bonde hawezi kulala kijijini kwenu. Mwenye nguvu ya kila siku ni halmashauri ya kijiji, na nguvu hiyo inatokana na sheria ndogo iliyopitishwa kihalali. Mwongozo huu ni wa mwenyekiti, mtendaji na wajumbe wa kamati ya mazingira. Utaona miti imewekwa karibu na mwisho. Ni makusudi.

Kwanza: pimeni maji, kisha waandikeni watu

Nendeni chanzoni Septemba au Oktoba, maji yakiwa yamepungua kabisa. Kipimo cha Machi kitawadanganya. Chukueni ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Elekezeni maji yote kwenye bomba moja au kwenye kipande cha mgomba kilichochongwa, tegeni ndoo, hesabuni. Rudieni mara tatu, mchukue wastani.

Tuseme ndoo imejaa kwa sekunde 40. Hiyo ni nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 43,200 kwa siku nzima. Kiwango cha huduma ya maji vijijini ni lita 25 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo chanzo hicho kinatosha watu 1,728 na si zaidi. Kama kijiji kina watu 2,400, mmepata hoja ya mkutano bila kuhubiri. Andikeni tarehe, saa, aliyepima na matokeo kwenye daftari gumu la chanzo. Daftari hilo likae ofisini, lisiende nyumbani kwa mtu.

Siku hiyohiyo zungukeni eneo lote pamoja na wazee wawili watatu wanaokumbuka maji yalifika wapi zamani. Fungueni orodha: jina la mwenye shamba, kitongoji, anachopanda, tangu lini, kama ana hatimiliki ya kimila au alirithi kwa maneno, na kama analima masika au kiangazi. Msimwache mtu. Mara nyingi milingoti (mikaratusi) iliyosimama juu kabisa ya chemchemi ni ya mjumbe wa halmashauri ya kijiji, au ya ndugu wa mtendaji. Aandikwe wa kwanza. Mkimruka huyo, orodha nzima haina maana, na kila mtu mkutanoni anajua ni ya nani.

Pili: ongeeni na wenye vinyungu kabla ya mkutano

Asiyejua nyanda hizi anaweza kudhani kinyungu ni uvamizi. Kwa Wahehe na Wabena ni kilimo cha mabondeni cha tangu enzi za mababu: matuta na mifereji kwenye udongo mweusi wenye unyevu, mahindi, maharage na mboga za kiangazi, wakati mashamba ya juu ni makavu kabisa. Kinyungu ndicho kinacholisha watoto Januari na Februari ghala likiwa tupu, na mara nyingi mwenye nacho ni mama. Ukifika na kauli ya "ondokeni", umeshapoteza mkutano kabla haujaitishwa.

Mjumbe wa kitongoji na mtu mmoja wa kamati ya maji waende nyumba kwa nyumba. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekuja kuninyang'anya kinyungu changu?"

"Hapana mama, tumekuja kuuliza. Kinyungu chako kinafika hadi wapi? Na maji ya kumwagilia unayatoa wapi siku hizi?"

Swali la pili ndilo la kulisubiri. Wengi watasema wenyewe kwamba mfereji uliokuwa unafika sasa haufiki, na wanachimba chini zaidi kila mwaka. Hapo mazungumzo yanakuwa ya watu wawili wenye shida moja. Muulizeni pia anahitaji nini akisogea: eneo jingine bondeni chini ya chanzo, mbegu, miche ya parachichi ya kupanda kwenye mteremko wa juu, au muda tu wa kuvuna. Andikeni jibu lake kwenye orodha, mbele ya jina lake.

Tatu: mita 60 ni kamba, si makisio

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Mtu anapiga hatua 60 ndefu, mwingine anapiga 60 fupi, na shamba la mtu linaingia au kutoka kwa kutegemea nani amependelewa. Tafuteni tepu ya mita 50 kwa fundi ujenzi, au kamba ya katani iliyofungwa fundo kila mita 10, ikapimwa kwanza kwa tepu mbele ya watu.

Anzieni pale maji yanapofika masika, kwenye alama ya tope na takataka zilizonasa kwenye nyasi. Msianzie kwenye kijito cha Oktoba. Kwenye mteremko, na huku kwetu ni mteremko kila mahali, kamba haitakiwi kulala juu ya ardhi. Vuteni mita 10, mtu wa chini akiinua kamba hadi ilale sawa kama usawa wa maji kwenye sufuria, kisha dondosheni jiwe kutoka mkono wake hadi chini: mkipima kupanda, jiwe liangukie alama mliyoanzia na kigingi kipigiliwe kwenye ncha ya juu ya kamba; mkipima kushuka, kigingi kipigiliwe pale jiwe lilipoangukia. Rudieni hadi mfike mara sita. Mkipima kwa kuilaza kamba kwenye kilima kikali, mtapata pungufu ya mita 60 halisi, na siku mtaalamu akija na kifaa chake vigingi vyote vitahama na mtaonekana waongo.

Kwa chemchemi, pimeni kuizunguka pande zote, na upande wa juu uangaliwe zaidi kwa sababu ndiko maji yanakotoka. Wekeni vigingi vya muda vya mti mgumu, mvipake rangi. Kila mwenye shamba lililoguswa awepo siku ya kupima na asaini kwenye daftari kwamba alikuwepo. Kusaini si kukubali. Waambieni hivyo waziwazi. Ni ushahidi kwamba hakupimiwa kwa siri.

Baada ya hapo mtendaji aandike barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, nakala kwa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) wilaya na kwa bodi ya maji ya bonde, kuomba wataalamu wahakiki mpaka. Jueni bonde lenu. Maji ya Mufindi, Iringa, Njombe na Mbarali mengi yanaingia Ruaha au Kilombero na mwishowe Rufiji, na ofisi ya bonde hilo iko Iringa. Ya Rungwe na Kyela yanashuka Ziwa Nyasa, ofisi iko Tukuyu. Mabonde yanayoelekea Ziwa Rukwa ofisi yake iko Mbeya mjini. Bodi ndiyo inayoweza kuweka vigingi vya zege na kupeleka eneo hadi litangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Hilo linachukua muda, pengine miaka. Msilisubiri.

Nne: sheria ndogo

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Njia yake ni hii. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu. Rasimu inapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, watoe maoni. Halmashauri ya kijiji inarudi kuirekebisha na kuipitisha. Kisha inapanda: Kamati ya Maendeleo ya Kata iipitie, mwanasheria wa halmashauri ya wilaya aisome, kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira iijadili, na Baraza la Madiwani liidhinishe. Kabla ya idhini hiyo hamna sheria, mna azimio. Mkimtoza mtu faini kwa azimio anaweza kuwashinda mchana kweupe.

Rasimu nyingi hurudishwa kwa sababu ndogo za ajabu. Muhtasari hauna tarehe. Mahudhurio hayana saini. Ajenda inasema "mengineyo", na sheria ndogo imejadiliwa ndani ya mengineyo. Kwa hiyo tangazo libandikwe mapema ofisini, dukani na kwenye nyumba za ibada, likitaja kwa maneno kamili: "Kujadili rasimu ya sheria ndogo ya kulinda chanzo cha maji." Msiweke mkutano siku ya mnada. Na msimu wa ulanzi (pombe ya mianzi) uitisheni asubuhi, kwa sababu mkutano wa saa tisa alasiri msimu ule hauna muhtasari wa kusomeka.

Lugha ya sheria yenyewe iwe ya kueleweka. Mfano wa vifungu:

"Ni marufuku kulima, kuchunga, kukata mti, kuchoma moto, kufyatua tofali, kufua, au kuosha bomba la dawa ndani ya eneo la chanzo lililowekewa vigingi."

"Mlingoti wowote uliomo ndani ya vigingi siku sheria hii inapoanza utavunwa na mwenye nao ndani ya miezi 24, na hataotesha mwingine wala kuacha machipukizi."

"Halmashauri ya kijiji inaweza kutoa ruhusa ya maandishi kwa ajili ya kugema ulanzi, kuchuma dawa za asili, kuweka mizinga ya nyuki au kufanya tambiko."

Kipengele cha bomba la dawa msikiache. Maeneo ya nyanya kama Ilula, na popote panapolimwa viazi mviringo, mkulima anachanganya dawa kijitoni kwa sababu ndipo maji yalipo, na akimaliza analisuuza bomba palepale. Milingoti inapunguza maji. Dawa inamfikia mtu mdomoni. Toeni na njia mbadala: pipa la kuchanganyia dawa liwekwe nje ya vigingi, maji yachotwe kwa ndoo safi.

Na kile cha tambiko kiandikwe bila aibu. Vyanzo vingi vilivyobaki na msitu mnene huku kusini ni vile ambavyo wazee walivizuia kwa heshima ya mizimu. Mkiwafungia wenyewe mlango mtakuwa mmewatimua walinzi wa kwanza wa maji hayo.

Kiwango cha faini kisivuke kile kinachoruhusiwa na sheria mama. Mwanasheria wa wilaya atawaambia kilichopo sasa. Ushauri wangu ni kuongeza adhabu ya kurejesha: aliyekata mti mmoja aoteshe na kutunza kumi, akikaguliwa. Faini inalipwa na kusahaulika.

Tano: muda wa kuhama

Msing'oe mazao ya mtu. Mahindi yaliyo shambani yavunwe. Kinachokatazwa ni msimu unaofuata, na tarehe iandikwe. Kila mmoja kwenye ile orodha apewe barua yake yenye jina, kipande kilichoguswa, tarehe ya mwisho na kile kijiji kilichoahidi. Kama kijiji kimeahidi eneo jingine, lionyeshwe kwa miguu kabla barua haijasainiwa. Ahadi ya "tutaangalia" ndiyo inayomrudisha mama bondeni usiku na jembe.

Wanaotaka kubadili shughuli wanaweza kuunda kikundi na kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ufugaji nyuki unafaa hasa, kwa sababu mizinga inaweza kukaa ndani ya eneo la chanzo na mwenye mizinga hataki moto wala shoka karibu. Mlinzi wa bure.

Milingoti ni habari nyingine. Ina bei: nguzo, kuni za kukaushia chai, mbao. Mwenye nayo avune mwenyewe na fedha iwe yake. Ikatwe karibu kabisa na ardhi, ganda la kisiki libanduliwe hadi chini ya udongo, na machipukizi yavunjwe kila yanapotokea, maana mlingoti haufi kwa kukatwa mara moja. Visiki vya ukingoni visichimbuliwe. Mkichimbua, masika yatachukua ukingo mzima.

Sita: sasa miti

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, na viongozi watataka miche ipandwe siku hiyo. Kwa nyanda za juu kusini, ambako mvua ni ya msimu mmoja na inakatika Aprili au Mei, mche wa Aprili unaingia kiangazi bila mizizi. Pandeni Desemba hadi katikati ya Januari, mara udongo ukishalowa vizuri. Tarehe 1 Aprili mfanyeni mgeni rasmi ahesabu iliyopona na kupalilia. Agizo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka limetufundisha kuhesabu mashimo. Diwani mwenye akili aulize namba ya iliyo hai Oktoba.

Miti ya kupanda ni ya asili ya mabondeni: mivengi (jamii ya mizambarau ya porini), mikuyu, na mianzi pale inapokubali. Mbegu za mvengi hazihifadhiki, zikikauka zimekufa. Okoteni matunda yaliyoiva, ondoeni nyama, otesheni siku hiyohiyo au kesho yake kwenye viriba. Mkuyu unashika hata kwa kipandikizi kinene. Miche ya mwaka mmoja inafaa zaidi kuliko ile ya kimo cha kiganja inayoletwa na lori. Ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) au ofisa misitu wa wilaya atawasaidia mbegu na ushauri, lakini kitalu kiwe kijijini, ikiwezekana cha shule ya msingi au cha kikundi kinacholipwa kwa mche uliopona.

Acheni mita nne hadi tano kati ya mche na mche. Penye nyasi na vichaka vilivyoota vyenyewe msisafishe shamba zima. Kwangueni duara tu kuzunguka mche. Vichaka hivyo ndivyo vinavyoshika udongo na kuukinga mche na sakitu (baridi kali inayogandisha umande) ya Juni na Julai, ambayo Makete, Njombe na Mufindi hutulia mabondeni na kuunguza miche yote usiku mmoja. Kwa maeneo hayo, kila mche wa mwaka wa kwanza uvikwe nyasi kavu kuanzia mwisho wa Mei.

Saba: ng'ombe na moto

Ng'ombe watakunywa, mtake msitake. Vuteni bomba kutoka chini ya chanzo hadi kwenye birika lililo nje ya vigingi, na sakafu ya mawe kuzunguka birika ili pasiwe tope. Barabara ya moto ya mita tano hadi kumi ifyekwe na kulimwa kuzunguka eneo kabla ya Julai kwisha, kwa sababu moto wa kuandaa mashamba unaanza Agosti. Anayetaka kuchoma shamba jirani atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji kwanza.

Nane: usimamizi na fedha

Gawanyeni kazi. Kamati ya mazingira inakagua mpaka kila mwezi na kuandika kwenye daftari. Chombo cha watumia maji, ambacho wengi bado wanakiita kamati ya maji, kinapima ndoo Septemba na Oktoba. Kosa likitokea, onyo la kwanza liwe la maandishi. La pili ni faini, na faini ipokelewe na mtendaji kwa stakabadhi halali ya Serikali. Mgambo wasipokee fedha bondeni hata shilingi mia. Asiyelipa apelekwe Mahakama ya Mwanzo, na hapo ndipo mtakapofurahi kwamba muhtasari una saini na sheria ina idhini ya Baraza. Msimpeleke Baraza la Kata mkitegemea hukumu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kwenye migogoro ya ardhi baraza hilo limebaki kusuluhisha tu.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Chanzo kiwe ajenda ya kudumu na yasomwe mambo manne: ndoo imejaa kwa sekunde ngapi, miche mingapi iko hai, nani amevunja sheria, na fedha ya faini imekwenda wapi. Hilo la mwisho lisomwe kwa sauti na stakabadhi zionyeshwe. Sheria ndogo nyingi zimekufa pale watu walipoamini faini ni posho ya viongozi.

Kama chanzo kiko kijiji kimoja na wanywaji wako kijiji kingine, kama ilivyo mara nyingi Rungwe na Kilolo, msitunge sheria peke yenu. Vijiji vyote viwili vipitishe vifungu vilevile, kata isimamie kikao cha pamoja, na kijiji cha chini kichangie fidia ya miche na mbegu kwa waliohamishwa juu. Bodi ya bonde inaweza pia kuwasajili kama jumuiya moja ya watumia maji. Nakala za sheria iliyoidhinishwa ziwe tano: ofisi ya kijiji kila upande, kata, RUWASA na bonde. Mwenyekiti apige picha ya kila ukurasa na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wajumbe, kwa sababu uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila baada ya miaka mitano, na mafaili ya ofisi za vijiji yana tabia ya kuondoka na aliyeshindwa.